Chupa ya Ine

Rosine alipanga chumba kwangu hapa Kasongo. Mutoto wa Kabambare, mwembamba kama musumari, lakini anakula ugali wa watu wawili. Chuo kilimupa pesa achunguze kama zebaki ya wachimba dhahabu imeingia kwenye maji ya Salamabila. Kisha njia ya Salamabila ikafungwa na watu wa bunduki. Akaomba pesa za safari ile zihamishwe, apime kisima cha zamani cha Nyangwe. Mvua zikianza kabla ya ruhusa, kisima kinafurika, na masomo yake yamekwisha.

Profesa Christophe akamujibu kwa telefone kutoka Kindu: "Bajeti naweza kuibadilisha. Chupa ine za maji, kama ilivyoandikwa. Lakini kwanza nisikie wenye kisima wakikubali kwa sauti."

"Wenye kisima walishakufa, Profesa."

"Basi nisikie aliye mahali pao."

Nilicheka mpaka jino langu la mwisho likatikisika. Nikafunga kitambaa kichwani, tukaenda Nyangwe.

Kisima kile kinalindwa na muzee Sumaili. Desturi yake ni nyepesi: unataja wewe ni mutoto wa nani, unasema maji ni ya kazi gani, Sumaili anagonga ndoo, munangoja. Kikivuma, munarudi nyumbani. Kikinyamaza, kimekubali. Rosine akataja babu zake, akashika telefone juu ya shimo, ikarekodi. Kimya. Hata vyura walinyamaza.

"Bibi, sasa nitamutumia Profesa kimya?"

"Mutumie. Labda leo atasikia kitu cha maana."

Akatuma. Tukateka maji; tulikuwa tunafunga chupa ya ine, Profesa akapiga.

"Vizuri sana, imekubaliwa. Ila huyo muzee aliyejibu anaongea kama iko na maji kinywani. Na kwa nini anasema tatu ziende, ya ine irudi?"

Sumaili akaacha kukunja kamba. Rosine akasikiliza tena telefone yake. Kimya tu.

"Profesa, basi tuandike tatu."

"Kubadilisha tena? Mpaka kamati ikae, mvua zimekwisha. Chupa ine, ao pesa zinarudi."

Rosine alibaki na ile chupa mikononi. "Bibi, nikiimwaga hii, nimemwaga diploma yangu."

"Na usipoimwaga?" Sumaili akauliza. "Mimi ndiye nalala hapa."

Akaimwaga shimoni. Tukangoja kusikia maji yakianguka chini. Hatukusikia.

Pitchou, mwenye moto, ile pikipiki ya kubeba watu, alikuja pale kisimani kuchukua sanduku la zile tatu alipeleke Kindu. Nililifunga mimi mwenyewe. Rosine akaanza kupanga nguo zake arudi kwao Kabambare. Kabla hajaondoka, Profesa akapiga, anacheka:

"Chupa zote ine zimefika! Tatu ziko na zebaki. Ya ine ni safi, sijapata kuona maji safi hivyo. Pesa ni zako, endelea."

Rosine alikaa juu ya valisi ya nguo zake. Mimi nikamutafuta Pitchou sokoni.

"Weye, ulipeleka nini Kindu?"

"Sanduku, Bibi. Na yule muzee wenu."

"Muzee gani? Sumaili alibaki kisimani."

"Aah, Bibi, usinichezee! Yule aliyepanda pale kisimani, na chupa yake mukononi. Njia yote alikaa vizuri nyuma yangu. Lakini mugongo wangu ulilowana mpaka Kindu, na mvua haikunyesha."

Rosine aliniuliza kama aandike kwenye bajeti nauli ya mutu wa pili. Nikamwambia aache. Wale wa chuo wangetaka aitwe aje kutia sahihi.