Sifa za Mtani

Taasisi nne zilipokutana kuufufua mtaa, mtaa wenyewe ulikuwa umebakiwa na nyumba moja. Kwingine kote Kariakoo ilikuwa imeshapanda juu: chini maduka ya vitenge na chaja za simu, juu stoo, na juu ya stoo, stoo nyingine. Makumbusho ilileta wataalamu, chuo kikaleta wachora ramani, kituo cha utamaduni kikaleta fedha za wafadhili, na halmashauri ikaleta Afisa Utamaduni, ambaye alikuja na kiti chake. Wakaunda kamati, na kamati, kama ilivyo ada ya kamati, ikazaa kamati ndogo.

Nyumba iliyobaki ilikuwa ya Mzee Mihayo, Mnyamwezi wa miaka themanini na ushee, aliyezaliwa humo humo. Ilikuwa ya miti na udongo, kuta zimepakwa chokaa, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele, ua nyuma. Madalali walikuwa wamemfuata mpaka wakachoka, na mmoja alifukuzwa kwa ufagio. Kwa hiyo mzee alipokubali kuwafungulia wageni mlango wake siku ya uzinduzi, Dk. Athanas wa makumbusho, mwenyekiti wa kamati, nusura amkumbatie. Pasipo nyumba hiyo, mtaa wa kihistoria ungekuwa foleni ya maguta ya mizigo tu.

Kazi ya kukusanya kumbukumbu alipewa Ritha, ofisa wa makumbusho, binti wa Kichaga kutoka Marangu. Alikuwa mwepesi wa kusikiliza watu na mwepesi zaidi wa kuzinyoosha sentensi zao. Alipomwomba Mzee Mihayo asimulie maisha yake, mzee alikataa katakata.

"Kamuulize Mwinyimvua," alisema. "Yule ndiye ananijua. Mimi nikijisema nitajipendelea."

Mzee Mwinyimvua alikuwa Mzaramo, mtani wake na jirani wa ukuta kwa ukuta tangu wote wawili wakiwa vijana. Wapwa zake walipouza kiwanja chao, alihamia Kigamboni kwa binti yake Sikudhani. Miguu ilimkatalia, na tangu ahame hakuvuka tena kivuko cha Magogoni. Simu nazo hazikuwafaa kitu wazee hawa, maana Mihayo masikio yalikuwa mazito. Akipigiwa husikia kelele, naye hujibu kelele.

Ritha akavuka. Alimkuta mzee amelala juu ya mkeka, amekwisha mwili. Aliposikia jina la Mihayo alijiinua kwa kiwiko, macho yakamng'aa.

"Yule mpagazi bado hajafa? Mwanangu, babu yake alifika Pwani na pembe za ndovu kichwani, akatua mzigo mlangoni kwetu, tukampa maji. Mpaka leo kikombe hajarudisha! Na samaki hajui kumla. Ukimpa, anamgeuzageuza, anakuuliza miguu iko wapi." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Andika hivyo hivyo. Akisoma atajua bado nipo."

Ritha aliandika yote. Kamati ikasoma, na kamati ikaona aibu.

"Dada Ritha, hii ikitundikwa barabarani tumekwisha," Dk. Athanas alisema. "Mpagazi! Tutaambiwa tunachochea ukabila."

Chuo kiliafiki, kituo kikaafiki, na Afisa Utamaduni akaafiki akiwa kwenye kiti chake. Basi Ritha akayanyoosha maneno, akayapiga pasi mpaka yakapoteza mkunjo wote. Bango likatoka likisema: *Mzee Mihayo ni jirani mwema, mchapakazi na mtu wa heshima. Tumeishi naye kwa amani na upendo. — Mzee Mwinyimvua.* Hakuna aliyemlazimisha. Kwa kweli aliipenda kazi yake, akaona imependeza.

Bango lilitundikwa barazani kwa Mzee Mihayo siku moja kabla ya uzinduzi. Mzee alivaa miwani, akasoma huku akifuatisha maneno kwa kidole. Akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Haya kayasema Mwinyimvua?"

"Ndiyo, baba!" Ritha alijibu kwa sauti, ili asikike.

"Kwa mdomo wake?"

Fundi wa bango alikuwa akisubiri saini, na Dk. Athanas alikuwa akitazama. "Ndiyo, baba!"

Mzee akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. "Haya. Nimesikia," akasema. Aliingia ndani, akashusha komeo.

Siku ya pili hotuba zilisomwa barabarani mbele ya mlango uliofungwa. Wafadhili waliambiwa mzee anapumzika. Walipoondoka, Dk. Athanas alimvuta Ritha pembeni, akamwambia watarudi wiki ijayo kuiona nyumba kwa ndani, na kama mlango hautafunguliwa mradi utahamia mji mwingine. Ritha akaenda kuinama dirishani.

"Baba, tumekukosea nini?"

"Nyie hamjanikosea kitu," Mzee Mihayo alisema kutoka gizani. "Ni yeye. Maisha yote mtu ananiita mpagazi, leo naitwa mtu wa heshima. Mtu wa heshima ni mgeni, mwanangu. Kahamia Kigamboni, kapata watu wake huko, mimi kaniaga kwa barua ya serikali."

Ritha alitamani ardhi ipasuke. Aliyajua haya. Baba yake mdogo alipofariki kule Marangu, Wapare, watani wao, waliingia msibani wakavaa koti la marehemu, wakaiga mwendo wake, wakatangaza mbele ya padri jinsi alivyokuwa bahili wa ndizi. Familia ilicheka ikilia. Asingetokea mtani hata mmoja, ukoo ungejua kuna jambo limeharibika. Yote hayo aliyajua. Ila alidhani ya nyumbani ni ya nyumbani, na ya kwenye bango ni mengine.

Akaamua kesho yake avuke, achukue neno la Mwinyimvua mwenyewe alilete kama lilivyo. Hakuwahi. Alfajiri Sikudhani alipiga simu: mzee amefariki, atazikwa leo baada ya swala ya adhuhuri.

Ritha alipofika Kigamboni, kanga kiunoni na nyingine kichwani, wanaume walikuwa wameshaketi nje chini ya turubai, wanawake ndani. Wazee wa Kariakoo walikuwa wamevuka mapema, wakamleta na Mzee Mihayo. Alikaa ukingoni mwa mkeka, kofia nyeupe, tasbihi mkononi, kimya. Sikudhani alimwona Ritha, akamshika mkono mlangoni.

"Dada, Mzee Mihayo ana nini? Kafika, kanipa mkono, kaniambia pole kwa msiba. Pole! Kama mtu wa benki. Wala hajamtukana baba hata neno moja. Walikosana? Baba anatoka bila mtani?"

Simu ya Ritha ilikuwa ikiita, jina la Dk. Athanas likiwaka. Aliizima. Kutoka mlangoni pale hadi kwenye mikeka ya wanaume si mbali, lakini hakuna mwanamke aliyekuwa akikatiza, na yeye tena Mkristo na mgeni. Akakatiza. Akapiga magoti mbele ya mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Yale maneno ya kwenye bango si yake. Ni yangu. Niliyabadilisha."

"Unasemaje?"

Kunong'ona kwa mzee huyu kulikuwa kazi bure. "Nimesema, yale maneno nimeyatunga mimi!" Wanaume wakageuka. "Mzee Mwinyimvua hakusema wewe ni mtu wa heshima! Alisema wewe ni mpagazi! Alisema babu yako alifika Pwani na pembe za ndovu kichwani, mkapewa maji, na kikombe hamjarudisha!"

Sheikh aliacha kuvuta uradi. Ritha, ambaye nyumbani kwao hajawahi kumpandishia sauti hata mjomba, alibaki pale magotini, uso ukimwaka, akasubiri afukuzwe.

Mzee Mihayo akaitia tasbihi mfukoni.

"Na samaki? Ya samaki hakusema?"

"Alisema! Ukipewa samaki unauliza miguu iko wapi!"

Mtu mmoja nyuma ya turubai aliguna, akashindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani. Mzee Mihayo aliinamisha kichwa. Mabega yalitikisika, na hapakuwa na wa kusema kama ni kwa kicheko au kwa kilio. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

"Wewe Mchaga," alimwambia Ritha, "kesho kaling'oe lile bango lako, uandike alivyosema. Mlango nitafungua nikishasoma. Sasa nipishe, nina kazi."

Jeneza lilikuwa ndiyo linatolewa. Mzee Mihayo alijikokota mpaka kizingitini, akalala chali, akaziba njia. Wabebaji wakasimama. Sheikh akatazama saa yake, kisha akatazama pembeni.

"Huyu haendi popote!" mzee alipiga kelele. "Mzaramo gani huyu! Hata foleni ya kufa hajui kupanga! Mimi ndiye nilikuwa mbele, kila mtu anajua, kanipita kwa ubavuni kama anagombea ubwabwa wa maulidi!"

Ndani wanawake walipasuka kwa kicheko, na katikati ya kicheko hicho Sikudhani, aliyekuwa hajatoa chozi tangu alfajiri, akaanza kulia kwa sauti. Walimletea mtani jogoo afungue njia. Akamkataa, eti ni mwembamba kama marehemu. Wakamletea mkungu wa ndizi, akaukataa. Walipomletea nazi mbili akasema hizo sawa, japo zimeibwa, akakubali kuinuliwa.

Lakini hakupisha. Alishika ubao wa jeneza, akausogelea mpaka paji la uso likaugusa.

"Mwinyimvua!" aliita. "Mwizi wewe! Nijibu!"

Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akangoja. Wabebaji nao, jeneza begani na jua utosini, wakangoja naye.