Achia Pumzi, Fundi

Presha ya fundi cherehani ilikuwa na adabu nyumbani tu. Wiki mbili nzima alijipima asubuhi na jioni, akaandika kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja: 128 kwa 80, 126 kwa 78. Akivuka tu mlango wa hospitali, lo! 180! Mara mbili operesheni yake ya mtoto wa jicho ilikuwa imeahirishwa kwa sababu hiyo, na sasa ilibaki siku moja tu daktari wa macho ahamie mbali. Juzi fundi alishona mkono wa koti la watu nje ndani. Na kitambaa cha gauni la harusi la kitindamimba wake kilikuwa bado mezani, hathubutu kukitia mkasi.

Siku hiyo alipanda ngazi za hospitali mbio, daftari kwapani, moyo ukimdunda.

"Nimeleta ushahidi!"

Muuguzi, mteja wake wa miaka mingi, alicheka. "Shikamoo, Mama Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nipime upesi kabla haijashtuka!"

Mkanda ukamkaza mkono, mashine ikalia: 178. Machozi yakamlengalenga fundi. "Nimekwisha mie. Nani atamshonea mwanangu?"

Muuguzi hakuandika kitu. Alikuwa anamtazama tumbo. "Mama, mbona umejibana hivyo?"

Kumbe! Tumbo kalivuta ndani, mabega kayapandisha, pumzi kaishikilia, vilevile wanavyofanya wateja wake akiwazungushia tepu kiunoni.

"Mimi nikija kwako nikijibana, huwa unaniambiaje?"

Fundi akaguna. "Nakwambia achia pumzi, ukinidanganya mimi nguo itakusuta."

"Na nikifika nahema?"

"Thubutu! Nakukalisha kwanza utulie."

"Haya, leo zamu yangu. Mgongo kwenye kiti, miguu chini, mkono mezani, mdomo ufungwe. Dakika tano."

"Hata mdomo?"

"Hasa huo!"

Fundi akafumba macho, akaanza kulikata gauni kichwani: kifua, kiuno, marinda. Alipofika kwenye pindo mabega yalishashuka yenyewe. Mashine ikalia: 150. Wakangoja kidogo, ikalia tena: 134.

"Inashuka!"

"Nyamaza, Mama, utaipandisha!"

Daktari wa macho akaitwa. Akasoma mashine, akafunua daftari, akakunja uso. "Nyumbani iko vizuri. Ila hii 118 ya jana?"

"Hiyo nyonga ya muuguzi wako!"

Daktari alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Akaiokota, akatia sahihi. "Anaingia sasa hivi."

Fundi alipiga kigelegele, korido nzima ikageuka. Muuguzi akamshika mkono, akamkimbiza kuelekea chumba cha operesheni kabla mashine haijasikia. Mlangoni fundi akageuka.

"Mpigieni simu binti yangu! Mwambieni macho yakipona tu aje nimpime gauni, na asithubutu kujibana!"