Pongo Nyumbani kwa Kokubanza

Pongo aliingia kwa kishindo. Aliruka ua wa kibanja, akakanyaga maharage, akapita katikati ya migomba na mkuki ukimning'inia pajani, kisha, Mungu ndiye ajuaye kwa nini, akaingia moja kwa moja ndani ya nyumba ya msonge na kuanguka juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni karibu na mafiga. Kokubanza alikuwa akimenya ndizi. Kisu kilimtoka mkononi.

"Mama yangu weee!"

Angekuwa mnyama mwingine, angewaita wanaume, na jioni chungu kingechemka. Lakini pongo ndiye muziro wa ukoo wa Kokubanza, mnyama wao wa mwiko. Kwao Ngenge pongo hauawi, haliwi, na akikutwa amekufa njiani hufunikwa majani na kuliliwa kama mtu. Padri alikwisha kusema hayo ni mambo ya kale, na Kokubanza alimheshimu Padri, misa ya Jumapili hakukosa. Lakini tangu utotoni, kila alipomwona pongo amesimama alfajiri kwenye nyasi za rweya, uwanda usiolimwa, masikio yakicheza, alijua kwamba Mungu hayuko mbali. Hilo hakuhitaji kuombea ruhusa kwa Padri.

Akapiga magoti, akaushika mpini wa mkuki ili auchomoe, na hapo moyo ukampasuka. Mpini ulifungwa waya wa shaba karibu na chuma, na waya ule aliuzungusha yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, mumewe akimshikia. Ulikuwa mkuki wa Datius.

Datius huyo huyo aliyemwapia baba mkwe siku ya mahari kwamba mkuki wake hautamgusa pongo maadamu Kokubanza yu nyumbani mwake! Lo, wanaume! Wenzake wamepiga makelele mawili matatu huko porini, damu ikamchemka, kiapo akakisahau kama kofia kilabuni.

"Mshenzi," Kokubanza alisema, akavuta. Damu ikamrukia usoni. Pongo alirusha mateke, kwato ikampata mbavuni, lakini hakumwachia. Alitafuna majani ya mubirizi, dawa iliyoning'inia ukutani, machungu kama nyongo, akayashindilia jerahani na kukandamiza kwa kiganja. "Tulia, dada. Tulia, upo kwenu."

Njuga za mbwa zikasikika migombani. Bunduki zilikuwa za Mwingereza na wachache aliowapa kibali; watu wa Nshamba, alikoolewa Kokubanza, waliwinda kwa mikuki na mbwa, na mbwa hawa walikuwa wakali. Wa kwanza, mwekundu, alipita mlangoni akamrukia pongo shingoni. Kokubanza akanyakua mhoro wa kukatia migomba, akampiga utosini. Mbwa akaanguka, miguu ikitetemeka, ubongo ukimwagika nyasini. Wenzake wakarudi nyuma wakibweka.

Mwenye mbwa alikuwa Mwijage, kaka mkubwa wa Datius na mkuu wa msako. Alifika akihema, wawindaji nyuma yake, na Datius nyuma ya wote, mikono mitupu. Mwijage alimwona mbwa wake. Alimpiga Kokubanza kofi lililomwangusha kizingitini, akaongeza teke la tumbo.

"Umeniulia mbwa! Toka mlangoni, shemeji, au mkuki huu utaanza na wewe!"

"Anza." Kokubanza alitema damu. Alikuwa amelala akiuziba mlango kwa mwili wake, mhoro bado mkononi. "Uniue mimi, ndipo umuue ndugu yangu."

"Ndugu yako ana mkia?" mwindaji mmoja akadakia, wengine wakacheka.

Mwijage akainua mkuki. Kokubanza aliogopa, tena aliogopa sana, lakini macho yake yalimtafuta mumewe. Sheria ya wawindaji kila mtu aliijua: mnyama ni wa mkuki wa kwanza, na mwenye mkuki huo ndiye mwenye kauli. Datius alikuwa na neno la kumwokoa pongo. Ila kulisema mbele ya mkewe kulikuwa ni kujivua nguo.

"Mkuki wa kwanza ulikuwa wa nani?" Kokubanza aliuliza. "Wanaume wote hawa, mmekuwa mabubu?"

Datius akajipenyeza mbele. "Wangu," alisema. Kisha kwa nguvu: "Ulikuwa wangu, kaka. Mnyama ni wangu, na mimi nasema aachwe hai."

"Unavunja msako kwa ajili ya mwanamke?"

Mwijage akausukuma mkuki ndani, akimlenga pongo. Datius akaudaka kwa mkono mtupu. Chuma kikapita, vidole viwili vikadondoka mavumbini, lakini hakuachia. Alimvuta kaka yake kwa mkuki ule ule, akampiga kichwa usoni, pua ikavunjika, wakaviringika uani wakitwangana kana kwamba hawakunyonya titi moja, mpaka wawindaji walipowaachanisha.

"Huna kaka!" Mwijage alifoka, kinywa kimejaa damu. "Nikifa, usije ukashika hata udongo wa kaburi langu!" Wakambeba mbwa wake, wakaondoka.

Datius aliingia ndani, mkono kifuani, akaanguka kando ya mafiga. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sasa alikuwa ameujua uchungu wake.

"Nifunge, mke wangu. Damu inaniisha."

Kokubanza hakusogea. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya jeraha la pongo.

"Ulimwapia baba yangu."

"Nilimwapia." Datius alianza kulia, wala hakujificha. "Nisamehe."

"Si mimi uliyenichoma."

Datius, aliyebatizwa, aliyewacheka wazee na miziro yao, akajikokota kwa magoti juu ya nyasi zilizolowa damu. Akainama karibu na sikio la mnyama.

"Shemeji," alisema, "ni mimi. Mkuki ulikuwa wangu. Nisamehe, waitu, wa kwetu."

Pongo alipumua, akapumua tena, jicho lake jeusi likiwa wazi. Kokubanza aliisikiliza pumzi ile mpaka akaiamini. Kisha akachana kanga yake ya kuendea misa, akauvuta mkono wa mumewe mapajani mwake, akaanza kuufunga.