Karani wa Mama Domitille

Noti za dola zote zina ukubwa mmoja. Mama Domitille alilijua hilo miaka yote, lakini halikumuuma hadi asubuhi ile sokoni Mulongwe, kando ya ziwa, muuza samaki wadogo wa ndagala alipomkimbilia na kumshika mkono.

"Mama, umenipa ishirini. Bei ni moja."

Domitille alishukuru, akacheka kidogo ili waliokuwa karibu wacheke naye, kisha akarudi nyumbani akipapasa kuta za watu. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne. Vidole vyake viliwahi kujua mtoto amelalaje tumboni kabla daktari hajafika. Sasa ukungu uliokuwa pembeni mwa macho ulikuwa umeingia katikati, na vidole hivyohivyo havikuweza kutofautisha moja na ishirini.

Jioni mwanawe Eugène alipiga simu kutoka Bukavu. Jirani alikwisha kumpa habari.

"Mama, tuuze nyumba, uje kwetu. Pesa yako nitaishika miye."

Alisema kwa upendo, na upendo huo ndio uliomtisha. Domitille alimkumbuka mama yake mzazi, aliyezeeka akiwaomba wanawe hela ya sabuni, kila mara akianza na salamu ndefu.

"Hapana," alisema. "Nitatafuta mtu, nimlipe."

Akampata Spès, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiandika hesabu za ushirika wa mpunga huko Sange mpaka ushirika ulipovunjika. Walipatana dola thelathini kwa mwezi, siku mbili kwa juma. Pesa zingekaa kwa Domitille mwenyewe. Spès angesoma ujumbe wa simu, angelipa umeme na dawa, angerudi na risiti.

"Na kila kitu ukisome kwa sauti," Domitille alisema.

"Kila kitu, Mama?"

"Kila kitu."

Siku ya kwanza alijuta. Kumwonyesha mgeni matumizi yako ni kama kumfungulia sanduku la nguo za ndani. Spès alisoma daftari la matumizi na ujumbe wa simu: sukari, makaa, mchango wa kanisa. Kisha akasita.

"Endelea."

"Eugène, dola arobaini, ada ya watoto. Mwezi uliopita, arobaini. Na mwezi ule mwingine."

Eugène alipiga simu kila tarehe mosi, na kila tarehe mbili Domitille alituma. Hakuwahi kujiuliza kingetokea nini asipotuma.

"Mpigie Eugène, umuulize jina la shule," alisema hatimaye. "Liandike."

Jumamosi Eugène alishuka kutoka Bukavu, akaingia sebuleni akinuka vumbi la bonde la Ruzizi. Hata maji hakutaka.

"Iko mgeni anahesabu pesa yako, na miye mtoto wako niko hai?"

"Ndiyo, na ninamlipa. Akikosea nitamfukuza. Weye nitakufukuza namna gani?"

Eugène alivuta kiti, akaketi.

"Spès, soma," Domitille alisema.

Spès hakuruka mstari. Alipofika kwenye zile arobaini, alizisoma kwa sauti ileile aliyosomea sukari. Kiti cha Eugène kililia.

"Kuanzia mwezi ujao nitazipeleka shuleni moja kwa moja," Domitille alisema. "Watoto watasoma. Weye unipigie ukitaka kujua nimeamkaje."

"Mama, ulidhani nakupigia kwa ajili ya hizo?"

"Sikudhani. Niliogopa kujua."

Nje, mawimbi ya ziwa yaligonga mawe, yakarudi. Spès alisogeza karatasi ya hesabu za mwezi mezani, akaweka rula chini ya mahali pa kutia sahihi, akampa Domitille kalamu. Domitille alianza kuandika jina lake lote, polepole, akiufuata ukingo wa rula kwa kidole.

Karatasi ikateleza. Kiganja kikubwa, kizito, kikaishika, kikatulia hapo mpaka herufi ya mwisho.