Chembe Kimoja cha Zaidi

Haya nimeyapata kwa Severa, jirani yangu wa ghorofa ya pili, mwaka jana mwezi wa Mei, siku mvua ilipotukalisha ngazini na sinia la choroko magotini. Yeye alisema, mimi nikachambua. Nayaandika alivyoyasema.

Mume wa Severa ni Athanas, Mngoni wa Songea. Alifanya ufundi wa bunduki miaka thelathini na moja, na alipostaafu alihamishia kazi nyumbani, kwenye meza ya chumba cha mbele, hapa Mchafukoge upande unaotazama Gerezani. Kibali alikuwa nacho. Kilivalishwa nailoni na kupigwa msumari ukutani, kando ya picha ya harusi. Watu wa klabu ya shabaha walimletea maganda matupu ya risasi, na kampuni moja ya ulinzi ilimletea pia. Yeye aliyajaza upya: fataki chini, baruti, vigololi vya marisau juu, kisha anafunga mdomo.

Baruti ndiyo iliyokuwa kazi. Hayo mengine, alisema, ni kama kufunga vipakiti vya bizari. Baruti ikipungua, risasi inakohoa tu. Ikizidi, bunduki inampiga mwenyewe. Alitaka risasi ya kwanza na ya mia ziwe ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo hakuamini kijiko, hakuamini jicho, na mizani ya betri aliijaribu wiki moja akairudisha, kwa sababu ilibadili maneno kila umeme wa jirani ulipowaka. Alipimia mizani ya shaba ya sonara mmoja aliyekuwa na duka hapa chini. Visahani viwili, mkono mmoja mwembamba, na sindano ya kuonyesha kati. Kushoto aliweka mawe ya mizani, na kwa vitu vidogo kabisa aliweka mbegu nyekundu za macho ya tipitipi, kama sonara alivyomfundisha. Kulia aliweka baruti.

Akipima, panga-boi huzimwa. Dirisha hufungwa. Severa hatwangi kitu. Basi la mwendokasi likipita kule barabarani meza hutetemeka kidogo; Athanas huinua kidole na wote hungoja mpaka litokomee. Mgeni akibisha hodi huambiwa "Subiri," na salamu hungoja mpaka sindano itulie.

"Mimi sikuolewa na mtu," Severa aliniambia. "Niliolewa na mizani. Huyu ni shemeji."

Jumatatu moja, saa moja asubuhi, Athanas alikuwa anapima. Baruti ilikuwa imetosha, sindano imesimama kati, mkono wake uko mbali. Kisahani cha kulia kikashuka. Kilishuka kidogo, kadiri ya chembe kimoja.

"Severa, umehema?"

"Nimehema tangu juzi, baba. Leo ndiyo imekuwa tatizo?"

Alimwaga kisahani, akakifuta kwa kitambaa, akapima upya. Kikashuka tena. Akavaa miwani, akachukua kibano, akatafuta. Katikati ya punje nyeusi za baruti mlikuwa na chembe kimoja cha rangi ya maini. Alikitoa akakiweka kwenye karatasi. Kilikuwa cha vuguvugu, na kilikuwa kinadunda, polepole, kama ufizi wenye maumivu. Bila hicho mizani ilisimama sawasawa. Alikitia kwenye kikopo cha ugoro kisicho na ugoro, akafunika, akapima nyingine. Kikopo kikabaki kitupu na chembe kikawa kisahanini.

Alipima risasi ishirini na nne siku ile. Mara ishirini na nne alikitoa kwa kibano, na mara ishirini na nne kikarudi. Severa alisema labda ni mdudu wa mchele. Athanas alisema mdudu wa mchele ana miguu. Wakala chakula cha mchana.

Baada ya chakula alikuja Onesphory, msimamizi wa ile kampuni ya ulinzi, na bahasha kwapani. Alingojeshwa mlangoni mpaka sindano itulie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa."

"Mzee, wewe unapima baruti au unapima dhambi? Nimesimama mpaka miguu imeota mizizi."

Akakaa, akaeleza. Asubuhi ile, kwenye geti la uwanja wa vipuri kule Gerezani, mlinzi wao alimpiga risasi mpagazi mmoja jina lake Shomari. Shomari alikuwa amefuata mkokoteni wake uliolala mle ndani. Mlinzi akamdhania mwizi. Akapiga chini, kutisha tu, lakini baruti ilikuwa nyingi mno, bunduki ikamrusha mkono, mtutu ukapanda. Shomari amefariki palepale.

"Saa ngapi?" Athanas akauliza.

"Saa moja."

Athanas akatazama mizani.

Onesphory akatoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa imeshaandikwa: ajali iliyotokana na kosa la kipimo. Chini pameachwa mstari kwa ajili ya jina la aliyepima. "Hapo tu, mzee. Ni ajali. Ajali haina mwenyewe, hakuna atakayefungwa."

"Kipimo changu hakijazidi."

"Binadamu anachoka."

"Mimi nachoka. Mizani haichoki."

Onesphory akasema atarudi Alhamisi na risasi zilizobaki za fungu lile, zipimwe mbele yake. Zikizidi, karatasi itaenda na kibali kitaenda. Zisipozidi, basi mlinzi atakuwa na maswali ya kujibu. Akaaga vizuri. Mlangoni akamwambia Severa supu inanukia.

Jumatano alikuja mwanamke na kanga nyeusi. Alisema hodi, Athanas akasema subiri, naye akasubiri, amesimama mikono tumboni. Sindano ilipotulia akaingia.

"Mimi Moza, mke wa Shomari. Nimeambiwa ofisini kuna mtu kazidisha kipimo. Nimekuja kukiona hicho kipimo kilichoniulia mume."

Severa akamvutia kiti. Athanas hakujitetea. Alimwonyesha tu: mawe kushoto, baruti kulia, sindano kati, kisahani kikashuka. Akachukua kibano, akatoa kile chembe, akakiweka kwenye karatasi mbele yake.

Moza akainama. Akaweka kidole karibu, bila kukigusa, kama mtu anavyopima homa ya mtoto aliyelala.

"Hiki ni chake," akasema. "Waliomwosha waliniambia. Walisema, mama Asha, marisau yamepita pamoja, tundu moja kama mdomo wa kikombe cha kahawa, hapa." Akajigusa chini ya kifua, pale mbavu zinapoachana. "Wakasema chembe cha moyo hakipo. Wametafuta mpaka kwenye shati. Tumemzika bila hicho."

"Hapa mbele?" Athanas akauliza. "Tundu moja?"

"Mbele. Moja."

Athanas akavua miwani. Miaka thelathini na moja alikuwa anajua marisau yanavyokwenda. Yakipiga chini yakaruka, yanatawanyika kama mchele uliomwagika. Yakiingia tundu moja, mtutu ulikuwa karibu, na ulikuwa umenyooka. Alimwambia Moza hivyo, kwa maneno machache.

"Basi alimlenga," Moza akasema.

"Alimlenga."

"Na wewe hukuzidisha."

"Sikuzidisha."

Moza akavuta pumzi. Akauliza kabila la mwenye nyumba, akaambiwa Mngoni. Akasema, "Haya, sisi Wamatumbi ni watani zenu. Matangani hamkuja kututukana. Mtani gani wewe, unakaa na moyo wa mtu mezani, kimya, kama mwenye kuficha mnofu?"

"Nilidhani ni mdudu wa mchele," Athanas akasema, na Moza akacheka, kisha akalia, na Severa akapasha supu.

Alitaka kuondoka nacho. Wakakifunga kwenye pamba, pamba kwenye leso, leso akaitia kifuani. Alipofika chini ya ngazi, Athanas alikuwa amegusa mizani tu, na chembe kilikuwa kimeshafika. Akamwita kutoka dirishani. Moza akapanda tena, akatazama, akasema basi kimechagua mahali, akaomba ruhusa awe anakuja kukaa nacho. Akapewa.

Alhamisi Onesphory alikuja na sanduku la risasi tisa. Moza alikuwepo, amekaa kwenye kiti chake. Panga-boi likazimwa, dirisha likafungwa. Athanas alifungua risasi ya kwanza, akamwaga marisau pembeni na baruti kisahanini. Mawe kushoto. Mwendokasi likapita, wakangoja. Sindano ikasimama kati, kisha kisahani kikashuka kwa chembe kimoja.

Ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Zote tisa zilizidi sawasawa, hakuna iliyozidi zaidi ya mwenzake.

"Ndugu wa tumbo moja," Onesphory akasema. Akatoa kalamu.

"Ngoja," Athanas akasema. Akakitoa kile chembe kwa kibano, akakiweka kwenye karatasi. Sindano ikarudi kati. "Bila hiki, iko sawa. Hiki si baruti."

Onesphory akakisogelea. Akakitazama kinavyodunda. Hakurudi nyuma wala hakuuliza ni kitu gani.

"Ni chembe cha moyo cha mume wangu," Moza akasema. "Kiliingia humu saa ileile aliyopigwa. Alipigwa kifuani, baba, kwa karibu. Waliomwosha wapo, waite."

"Pole sana, mama. Mungu amrehemu." Onesphory akamgeukia Athanas. "Kwa hiyo, mzee, bila hicho iko sawa."

"Sawasawa."

"Na nacho?"

"Nacho inazidi."

"Sasa, kimo au hakimo?"

Athanas akatazama mizani. Kwenye karatasi hapakuwa na kitu, na kisahani kilikuwa chini.

Severa aliniambia hapo ndipo alipomkanyaga mguu chini ya meza. Alimkanyaga kwa nguvu. Lakini mtu yule katika maisha yake alishadanganya kuhusu umri, kuhusu pombe ya krismasi, na kuhusu alikokuwa siku mtoto wao wa kwanza anazaliwa, ila kuhusu mizani hajawahi.

"Kimo," akasema.

"Inazidi?"

"Inazidi. Chembe kimoja."

Onesphory akaandika, akisoma kwa sauti anavyoandika: risasi tisa zimepimwa mbele ya mpimaji mwenyewe, zote zimeonekana kuzidi, na mpimaji amekiri. Pale kwenye mstari hakuhitaji tena jina. Alichomoa msumari taratibu, asiharibu chokaa, akachukua kibali na nailoni yake. Akamuaga Moza kwa heshima, akamuaga Severa, akamwamkia mzee mara ya pili kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

Barua ilikuja baada ya mwezi. Ajali iliyotokana na kosa la kipimo. Mlinzi alihamishiwa geti jingine, Kivukoni, na Severa amepita pale akienda Feri kununua samaki. Anasema ni kijana mpole, anasalimia watu wazima.

Athanas hajazi tena risasi. Ukutani, pale kibali kilipokuwa, pamebaki mraba mweupe kuliko chokaa yote, na Severa amekataza usipigwe rangi. Lakini mizani haijatolewa. Majirani tukirudi kutoka sokoni Kariakoo na mashaka, tunampelekea sukari, iliki, zafarani, atuambie tumepunjwa kiasi gani. Anapima, anatuambia. Ukifika nyumbani ukafungua karatasi ya iliki, unakuta chembe kimoja cha rangi ya maini kinadunda. Unavaa ndala, unapanda ngazi, unakirudisha. Mara nyingine unakuta kimekutangulia. Hakuna anayelalamika. Mama wa ghorofa ya tatu alikidondosha kwenye uji wake asubuhi moja akitafuta kijiko, akakiomba radhi.

Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri Moza huja. Ndivyo ilivyokuwa Ijumaa iliyopita pia, nami nilikuwepo, nimerudisha cha kwangu. Joto lilikuwa la kutoa chumvi mwilini, lakini panga-boi halikuwashwa na dirisha lilifungwa. Kushoto Athanas aliweka mbegu moja ya macho ya tipitipi. Kulia hakuweka kitu. Moza aliegemeza kichwa mezani, sikio karibu na kisahani, akasikiliza. Tulikuwa tumekula wali na mchicha. Makelele ya Kariakoo yalikuja kwa mbali, laini, kama watu wanaozungumza ndani ya pipa.

Moza akalala vilevile, mdomo wazi kidogo. Severa akajinyoosha mkekani, akasema atafumba macho tu, akakoroma. Mimi nikaegemea ukuta, chini ya ule mraba mweupe, nami nikapitiwa. Ya mwisho Athanas mwenyewe alinisimulia nilipoamka.

Alibaki yeye peke yake akiitazama sindano. Lilipita mwendokasi, akainua kidole, ingawa hapakuwa na mtu wa kungoja. Meza ikatetemeka, ikatulia. Mbegu ilikuwa upande huu, chembe upande ule, na kisahani cha kulia kilikuwa chini, kwa kiasi kilekile cha siku zote. Alihakikisha mara mbili. Kisha akavua miwani, akaiweka mbali na mizani isije ikaongeza upepo, naye akalala.