Nyati wa Mkwe

Tangu amwoe Enesi, Ezron Simfukwe hakuwahi kula sahani moja na baba mkwe wake. Kila walipokwenda Ndalambo, kwao Enesi, chakula chake kiliwekwa barazani, peke yake, naye Mzee Barnaba akala ndani na watu wake. Si kwamba walichukiana. Mzee alishika desturi ya babu zake, wawindaji watupu: mkwe hali na baba wa mkewe, wala hasemi naye moja kwa moja, mpaka amletee mguu wa nyuma wa mnyama wa porini aliyempiga mwenyewe. Wazee wengine siku hizi wanapokea mbuzi, mambo yanaisha. Mzee Barnaba hakutaka kusikia. "Mbuzi hata ajuza anamkamata," alisema, na maneno hayo yakamfikia Ezron kwa kinywa cha Shadrack, kaka yake Enesi, ambaye ndiye aliyekuwa daraja lao.

Cheka ukitaka. Lakini hebu keti barazani peke yako na kuku mzima, usikie wenzako wanavyocheka ndani, kisha uniambie kama kuku huyo ana ladha.

Mwaka huu biashara ya mahindi ilimkubali Ezron, akasema sasa basi. Atapiga nyati. Na atampiga kwa kibali, si kama wale wanaoingia porini na gobole wakatoka na pingu. Akaenda Tunduma, kwenye ofisi ndogo ya kampuni ya uwindaji, akamkuta dada mmoja aitwaye Imelda, mpole, kalamu mkononi.

"Uraia wako?"

"Wa hapa hapa, mukwai," akajibu kwa adabu ya kwao.

"Hapa wapi?"

Ezron akanyoosha kidole dirishani. "Unaliona lile bati la bluu, nyuma ya malori? Ndipo kwangu."

Imelda akachungulia, akarudi kuketi. "Kaka, lile bati liko Zambia."

Ezron akageuka kulitazama tena. Kwamba Nakonde, mji wake, ni Zambia alijua, nani asiyejua? Ndiko anakopigia kura. Ila alibatizwa Tunduma, ananyolewa Tunduma, mkewe Mnyamwanga mwenzake wa upande huu, na mpaka ameuvuka maisha yake yote kufuata chumvi na kinyozi kama wewe unavyovuka barabara. Habari za kuja kuwinda kutoka nchi za nje alikuwa akiwaachia Wazungu. Kosa hilo hulikuti Dodoma. Ni la watu wa mpakani tu, na hata Imelda hakumshangaa sana.

Akamweleza taratibu. Asiye mkazi huwinda kupitia kampuni yenye kitalu cha uwindaji, na hupangiwa mwindaji bingwa wa kumwongoza. Bunduki ataazima ya kampuni, au alete yake na kibali cha kuiingiza nchini. Pembe atavuka nazo karatasi zake zikikamilika, lakini nyama itabaki Tanzania. Hilo halikumsumbua Ezron, kwani Ndalambo iko wapi? Gharama sizitaji, nisije nikamharibia mtu usingizi. Kilichomuuma ni neno la mwisho: nyati wa msimu huu kwenye kitalu chao walikuwa na wenyewe tayari. Aombe wa Julai ijayo.

Nje, Shadrack aliyekuwa akimngoja aliposikia hayo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Shem, unajitesa bure! Mimi si raia? Tunaomba kwa jina langu, leseni ya wenyeji, mwezi ujao tuko porini. Kupiga unapiga wewe. Nyati atakuuliza kitambulisho?"

Ezron naye akacheka, na kusema kweli alikubali. Miguu ya mzee ilikuwa imeanza kuvimba, na Julai ya mwakani ilikuwa mbali. Wakapeana mikono, Shadrack akapiga simu Ndalambo papo hapo kumwambia baba yake ajiandae kula nyati.

Jioni, Ezron alipokuwa akiosha miguu uani, likamjia jambo. Kwa akina Mzee Barnaba mnyama akianguka, aliyempiga husimama juu yake akaita ukoo wake kwa sauti, pori lisikie, ndipo kisu kiguse ngozi. Sasa yeye ataita ukoo gani? Akiita Simfukwe, askari wa wanyamapori aliyesimama kando na leseni atashtuka. Akiita Sichalwe, ukoo wa mkewe na shemeji yake, basi nyati ni wa Shadrack, na Shadrack ni mtoto wa nyumba ile, anakula ndani siku zote.

Akamwambia Enesi. Enesi hakufikiri mara mbili. "Baba atakuuliza uliita nani. Hilo ndilo swali lake kwa kila mwindaji."

Kulipokucha akarudi kwa Imelda. Akaandikwa Ezron Simfukwe, Mzambia, asiye mkazi, nyati mmoja, Julai ya mwakani. Alipotoka alijisikia mwepesi, kisha akakumbuka kwamba bado mzee hajaambiwa.

Jumapili wakaenda Ndalambo. Ezron akaketi barazani, Shadrack akasimama mlangoni.

"Mwambie baba nyati atachelewa hadi mwakani."

Shadrack akasema. Sauti ya mzee ikatoka ndani: "Muulize kwa nini. Wewe si ulipiga simu ukasema mwezi ujao?"

"Mwambie tulipanga niombe kwa jina lako," Ezron akasema. "Nikashindwa. Sikujua ningeita ukoo gani."

"Na hilo niliseme?" Shadrack akanong'ona.

"Liseme lilivyo."

Akalisema, macho chini. Ezron akaona kazi yake yote imekwenda na maji. Kisha ikasikika fimbo sakafuni. Mzee Barnaba akatokea mlangoni, akivuta kigoda chake mwenyewe, akakiweka mbele ya Ezron na kuketi kwa kuugulia. Akamwashiria Enesi alete maji.

Ezron hakujua aangalie wapi. "Na mguu, baba?" Maneno yalimtoka bila kupitia kwa Shadrack.

"Utauleta hiyo Julai. Ukoo wako nimekwisha kuusikia. Nisipokuwepo, kuleni wewe na mwenzako Enesi." Mzee akatanguliza mikono kwenye beseni, akasogea kumpa nafasi. "Nawa, mwanangu. Ugali unapoa."