Kipimo cha Ijumaa

Tangu asubuhi Naheed alikuwa anapigana na kompyuta, na kompyuta ilikuwa inashinda.

"Imekataa tena!" Aliisukuma mbele kama sahani ya chakula kilichochacha. "Nimeipa ripoti nzima, kurasa mia mbili na kumi, sasa inaniuliza fomu nambari saba iko wapi. Fomu nambari saba si iko humo humo ndani!"

"Ungeolewa na fundi wa hayo madude," alisema mamake, Mama Rehmat, akichovya mkate kwenye chai. Alizaliwa Mwanza, akazeekea Agincourt, mtaa wa Toronto, na Kiswahili chake hakikupungua hata chembe. Naheed alikielewa chote lakini alijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nyumba ile iliendeshwa kwa lugha mbili na hakuna aliyeona ajabu.

Cherono, binti aliyeajiriwa kumtunza mama huyo, alimfuta makombo mdomoni. Leo alikuwa ametega masikio. Naheed alifanya kazi na kampuni ya kukagua migodi, na ripoti hiyo ilihusu mgodi wa dhahabu wa Chemorut, nyumbani kwao Cherono. Shimo la pili lilifungwa mwezi uliopita, wanaume wawili walipozimia chini kwa kukosa hewa. Ripoti ikipokelewa kabla ya saa sita mchana, kesho alfajiri watu sitini wangeshuka. Mmoja wao ni kaka yake, Kiprop.

Naheed alichapisha fomu nambari saba, akaitandaza mezani aipige picha upya. "Binti, nishikie hapo pembeni isijikunje."

Cherono akashika. Ilikuwa orodha ya vipimo vya hewa ya shimoni, asilimia ya oksijeni, mara tatu kwa siku. Ishirini nukta tisa. Ishirini nukta tisa. Ishirini nukta tisa, kutoka juu mpaka chini. Halafu akauona mwandiko. Zile tisa zenye mkia wa kupinda alizijua tangu wakiwa wadogo wanaandikia meza moja. Jicho likashuka mpaka mstari wa mwisho: Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi.

Na leo ilikuwa Alhamisi.

Alijifanya anaenda kufua, akajifungia bafuni, akapiga simu.

"Kiprop, umepimaje hewa ya kesho?"

Kaka yake akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Kwani sasa wewe ndiye mkaguzi? Si ulienda huko kuosha wazee?"

"Nijibu."

"Nikujibu nini? Tuliandika vizuri tu mwanzoni. Unapima kule chini, unaandika kule chini, mkono una matope, maji yanadondoka, karatasi inatoka kama tambara la jikoni. Wenyewe wa Toronto wakairudisha. Haisomeki! Tukaandika tena. Wakairudisha, ina madoa! Mara tatu, Cherono! Meneja akasema, kuanzia leo fomu inaandikwa ofisini, juu ya meza, kabla hamjashuka. Basi naandika ya juma zima Jumatatu, na kalamu ya blu, kama mwalimu. Tangu hapo hakuna aliyelalamika."

"Na chini mnapima lini?"

"Tunapima na nini? Kile kipimo chenyewe kimekufa siku tisa sasa. Tumeagiza betri, tukaambiwa tujaze fomu ya kuagiza betri. Tumejaza. Ikarudi."

"Ilikuwa na madoa?"

"Ilikuwa ya mwaka jana. Wamebadilisha fomu."

Cherono aliegemea mlango. "Kesho usishuke."

"Nisishuke? Mimi ndiye wa kwanza, nawafungulia wenzangu njia. Mwezi mzima tumekaa bure. Na wewe usifungue huo mdomo wako, unasikia? Ule mwandiko ni wangu. Meneja hakuandika popote. Wakitafuta wa kufukuza watanikuta mimi." Akakata.

Alibaki ameshika simu. Akisema, atamvunjia kaka yake kazi kwa mkono wake mwenyewe. Akinyamaza, kesho saa kumi na mbili Kiprop atashuka kwenye shimo ambalo hakuna mtu duniani anayejua lina hewa gani.

Alirudi jikoni. Kompyuta ilikuwa inazungusha kile kiduara chake.

"Dada Naheed, usitume. Kipimo cha kesho kimeshaandikwa."

Naheed hakugeuka hata. "Ni tofauti ya saa tu. Huko kwenu ni kesho tayari."

"Mimi napiga simu kwetu kila siku, dada. Hapa ni saa nne asubuhi, kule ni saa kumi na moja jioni. Alhamisi hii hii."

Naheed akaivuta karatasi, akainamia. Cherono aliona midomo yake ikihesabu.

"Aliyeandika ni kaka yangu," akasema, na akayamwaga yote: kipimo kilichokufa, meza ya ofisini, karatasi zilizorudishwa mara tatu.

"Nani alizirudisha?"

Naheed akafungua barua pepe zake za nyuma, akapekua, akasimama kwenye moja. Akaisoma kimoyomoyo. Uso ukamshuka.

"Mimi," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kwa Kiswahili. "Nilisema chafu. Mfumo haukuweza kuzisoma, nikasema ni chafu."

"Mgodi uwe msafi, ni hoteli?" Mama Rehmat akadakia. "Babako alikuwa na duka karibu na wachimbaji, hata noti walizoleta zilikuwa na udongo. Alizikataa?"

"Mama, tafadhali."

Naheed akampigia bosi wake. Alieleza mara moja, akaeleza tena, mara ya tatu akapaza sauti. Bosi alitaka jambo moja tu: sababu ya kukataa iingizwe kwenye mfumo. Mfumo ulikuwa na sababu sita, na hakuna iliyosema vipimo vimebuniwa. Saa sita kasorobo alichagua "Nyinginezo", akaandika kila kitu kwenye kijisanduku cha herufi mia mbili, akafuta nusu kwa sababu herufi zilizidi, akatuma.

Shimo halikufunguliwa.

Ijumaa asubuhi, Cherono akiwa kituo cha basi, ujumbe wa sauti wa Kiprop uliingia. Amesimamishwa kazi. Meneja amesema hamjui mtu wa namna hiyo. Wenzake wote wanajua ni dada ya nani aliyewafungia shimo, hata kiti hawampishi. Alimtukana dakika nne nzima, mfululizo, kwa pumzi moja, bila kukohoa.

Cherono aliusikiliza mpaka mwisho, mabasi mawili yakampita. Kisha akaandika: "Umekula?"

Jibu likaja pale pale. "Usiniulize mambo ya chakula, Cherono. Usiniulize kabisa."